Gemu imetoka ikiwa mbichi: jinsi ya kuikagua, kuitibu na kudai pesa yako

Ukinunua gemu kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, una siku 14 za kuirudisha, mradi hujaicheza kwa saa mbili. Ukivuka kimojawapo, unabaki kuomba hisani. Wachezaji wengi huzimaliza dakika hizo 120 wakichonga pua ya mhusika na kutazama video za utangulizi, halafu gemu inaanza kujifunga wakiwa wameshaingia saa ya tatu. Fanya kinyume: saa mbili za kwanza ni za ukaguzi, raha itafuata. Maelezo mengi hapa ni ya kompyuta, maana huko ndiko mambo huharibika kwa namna nyingi zaidi. Konsoli, yaani mashine za gemu kama PlayStation na Xbox, zinatajwa pale zinapotofautiana.

Kabla ya kulipa

Usinunue kabla haijatoka. Nakala ya kidijitali haimaliziki dukani, na zawadi ya kuagiza mapema mara nyingi ni nguo ya mhusika ambayo utaivua kwenye pambano la pili. Ikiwa umeshaagiza kwenye Steam, unaweza kughairi wakati wowote kabla ya siku ya kutoka. Lakini tahadhari na matoleo ghali yanayokuruhusu kuanza siku tatu au nne kabla ya wengine: tangu Aprili 2024 muda huo nao unahesabiwa kwenye zile saa mbili. Kwenye PlayStation tatizo ni jingine. Haki ya kurudishiwa pesa inaisha pale upakuaji unapoanza, isipokuwa gemu yenyewe iwe na kasoro, na konsoli inaweza kuanza kupakua bila kukuuliza. Zima upakuaji wa kujiendesha kabla hujaagiza chochote.

Soma uhakiki, lakini kwanza tazama ulifanyiwa kwenye mashine gani. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na alama za juu sana kwa sababu wahakiki walipewa mapema toleo la kompyuta peke yake. Wenye PS4 na Xbox One walikuta gemu nyingine kabisa, na wiki moja baadaye Sony ikaiondoa kwenye duka lake hadi Juni 2021. Wahakiki hawakudanganya. Walihakiki mashine ambayo wewe huna. Kwa hiyo tafuta video ya gemu ikichezwa kwenye konsoli yako hasa, au kadi ya michoro iliyo karibu na yako, isiyotolewa na kampuni yenyewe. Ikiwa siku moja kabla ya kutoka video kama hiyo haipo popote, hilo ni jibu tosha.

Jedwali la mahitaji ya kompyuta lisomwe hadi mstari wa mwisho. Majina ya kadi hayakuambii kitu mpaka ujue yameandikwa kwa rezolusheni gani (idadi ya nukta za picha), fremu ngapi (picha zinazochorwa) kwa sekunde na kiwango gani cha setingi. Jedwali linalosema mashine ya wastani itapata fremu 60 kwa 1080p huku DLSS au FSR, teknolojia za kukuza picha, ikiwa imewashwa linakiri kwamba picha halisi inachorwa kwa rezolusheni ya chini kisha inavutwa. Na kama linaahidi fremu 30 tu kwenye mashine inayopendekezwa, subiri.

Kwenye maoni ya wanunuzi, chuja waliocheza zaidi ya saa 20. Mwanzo wa gemu ndio sehemu iliyong'arishwa kuliko zote, kwa kuwa kila mjaribu, kila mhakiki na kila onyesho hupita hapo. Baldur's Gate 3 ni mfano mzuri hata kwa gemu iliyosifiwa: sura yake ya kwanza ilikuwa mikononi mwa wachezaji tangu Oktoba 2020, na ilipotoka kamili Agosti 2023 malalamiko ya fremu kushuka yalikuwa ya sura ya tatu, ndani ya jiji. Saa zako mbili haziwezi kufika huko, kwa hiyo macho ya waliofika ndiyo unayoyahitaji.

Anayenunua diski naye ajue kwamba diski huchapwa wiki kadhaa kabla, na timu huendelea kurekebisha hadi siku ya kutoka. Kilichomo kwenye diski ni toleo la zamani kuliko lile linalozungumzwa. Angalia ukubwa wa kiraka (sasisho la kurekebisha kasoro) cha siku ya kwanza kabla hujaondoka dukani, hasa kama unalipia intaneti kwa kipimo.

Dakika 120

Saa ya Steam huhesabu muda ambao programu ya gemu iko wazi. Haijali kama unacheza, umesimamisha au umekwenda kunywa maji. Dirisha la kuanzishia la kampuni likiachwa wazi linahesabiwa, na uandaaji wa sheda, yaani maelekezo ya kuchora picha kwa kadi yako, nao unahesabiwa. The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta Machi 2023, wengi walipoteza zaidi ya nusu saa wakitazama mstari wa sheda ukijaa kabla hawajagusa chochote. Basi jiandae kabla ya kubofya: sasisha draiva (programu inayoiendesha) ya kadi ya michoro, washa upya kompyuta, funga vivinjari na programu za kurekodi, hakikisha gemu iko kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, yenye nafasi ya kutosha. Kisha:

1. Weka setingi kwenye kiwango cha kati, si cha juu kabisa. Unapima gemu, si kadi yako. Washa kihesabu cha fremu, na kama kipo, mchoro wa muda wa kila fremu.
2. Ruka video za utangulizi. Mhusika mchague aliyeandaliwa tayari.
3. Nenda haraka hadi eneo la wazi la kwanza lenye watu, majani au moshi mwingi. Gemu nyingi hukufikisha huko ndani ya dakika 40.
4. Jaribu sevu, yaani faili la maendeleo yako: hifadhi kwa mkono, toka hadi kwenye dawati la kompyuta, rudi, pakia. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na kasoro yake ndiyo inayoumiza kuliko zote.
5. Badilisha setingi gemu ikiwa inaendelea, hamia dirisha la programu nyingine kisha urudi, chomoa pedi kisha uichomeke tena. Gemu isiyoweza kuvumilia hayo haijapita mikononi mwa wajaribu wa kutosha.
6. Kama ina mtandao, cheza mechi mbili, moja yao wakati wa msongamano wa jioni.

Ikifika dakika ya 90 na bado unahariri mafaili ya setingi, acha. Irudishe, uinunue baadaye. Dakika 30 zilizobaki ni za kuamua tu.

Kukwamakwama: kila aina ina chanzo chake

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi, kwa sababu kihesabu kinaweza kuonyesha fremu 90 huku macho yako yakiona gemu ikijikwaa. Wastani unaficha. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ichukue takriban milisekunde 16.7, moja ikichukua 100, wastani hautikisiki sana lakini mkono wako unahisi. Ndiyo maana mchoro wa muda wa fremu una thamani kuliko namba.

Fanya jaribio hili dogo. Chagua barabara au ukumbi mmoja, upite mara mbili kwa mwendo uleule, bila kuzima gemu katikati.

Ikikwama mara ya kwanza na kuteleza mara ya pili, ni sheda. Gemu inaandaa maelekezo ya kadi yako pale kitu kinapoonekana kwa mara ya kwanza: mlipuko wa kwanza, adui wa kwanza, taa ya kwanza. Gemu nyingi za Unreal Engine, programu ya kujengea gemu, zina ugonjwa huu. Itapungua kadiri unavyocheza, na itarudi kila ukisasisha draiva, kwa kuwa akiba ya sheda hutupwa na kuanza upya. Tiba ya kweli iko kwa watengenezaji. Wewe unaweza tu kuacha uandaaji wa mwanzo uishe bila kuukatiza.

Ikikwama mara zote mbili mahali palepale, mlangoni au kwenye kona fulani, ni upakiaji wa ramani: ukivuka mstari usioonekana, gemu inafungua kipande kinachofuata na prosesa inazidiwa. Kushusha setingi za picha hakusaidii. Kuweka kikomo cha fremu, kwa mfano 60 badala ya kuziacha huru, huipa prosesa pumzi na mara nyingi hupunguza makali. SSD husaidia ikiwa ulikuwa kwenye diski ya kuzunguka. Ukishakuwa nayo, SSD ya kasi zaidi haitabadilisha kitu cha kuonekana.

Ikiwa inaanza vizuri kisha baada ya dakika 20 hivi inakuwa nzito na haipoi, kumbukumbu ya kadi imejaa. Dalili nyingine ni kuta na nyuso zinazobaki kama zimepakwa tope hata ukizisogelea. Kadi ya GB 8 ikishajaa, data huanza kubebwa kutoka kwenye RAM ya kawaida, ambayo kwa kazi hiyo ni ya polepole mno. Shusha tekscha (picha zinazofunika nyuso za vitu) ngazi moja, na tekscha peke yake, kisha zima na uwashe gemu. Wengi hukimbilia kushusha rezolusheni au vivuli, wanaharibu picha yote na tatizo linabaki. Ukiona bado, shusha ngazi nyingine. Baada ya hapo kosa si lako.

Kisha kuna kukwama kusiko na mpangilio wowote. Zima kwanza kila kinachojibandika juu ya gemu: vihesabu, programu za mazungumzo, virekodi. Kimoja kimoja, si vyote pamoja, la sivyo hutajua ni kipi.

Gemu ikijifunga

Anza na kilicho rahisi. Kwenye Steam bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", kisha "Installed Files", halafu agiza ihakiki mafaili. Mafaili mawili matatu yakirudishwa ni kawaida; yakiwa mamia, shuku diski yako kabla ya kushuku gemu. Ikishindikana, futa faili la setingi ili litengenezwe upya, na futa akiba ya sheda kupitia zana ya Windows ya kusafisha diski. Kusanidua gemu ya GB 120 na kuipakua upya kuwe hatua ya mwisho, ingawa kila mtu atakushauri uanze nayo.

Bado? Fungua Event Viewer ya Windows, programu inayoandika makosa ya kompyuta, nenda kwenye kumbukumbu za Application, tafuta kosa namba 1000 la saa ileile gemu ilipojifunga. Ndani yake kuna jina la faili lililoanguka. Likiwa faili la gemu lenyewe, subiri kiraka. Likiwa nvwgf2umx.dll, ni upande wa draiva ya NVIDIA: jaribu toleo la draiva la mwezi uliopita. Likiwa gameoverlayrenderer64.dll, zima kidirisha cha Steam cha juu ya gemu. Likiwa ntdll.dll hujajua kitu, maana hilo hutajwa kwa makosa ya kila namna.

Kuna kesi moja ambapo gemu husingiziwa. Ukiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 au 14, na gemu za Unreal zinajifunga zikilalamika kwamba kumbukumbu ya video imekwisha ilhali kadi yako ina nafasi tele, chunguza prosesa. Baadhi ya prosesa za vizazi hivyo zilikuwa zikipokea volti kupita kiasi na kuchakaa, na Intel ilitoa marekebisho ya 0x129 Agosti 2024, yanayokuja kupitia sasisho la BIOS, programu ya msingi ya ubao mama. Marekebisho huzuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Hiyo hubadilishwa kwa dhamana, ambayo Intel iliiongeza kwa miaka miwili. Vilevile, kama RAM yako inaendeshwa kwa kasi ya XMP au EXPO, setingi za kuikimbiza kuliko kawaida, izime kwa jaribio moja kabla ya kumtukana mtengenezaji. Kwamba gemu zako nyingine zinakwenda vizuri si ushahidi. Gemu nzito hufichua udhaifu ambao nyepesi hazigusi.

Linda sevu kuliko kitu kingine

Gemu iliyojifunga inakugharimu dakika tano. Sevu iliyoharibika inakugharimu wiki. Cyberpunk 2077 ya kompyuta, ilipotoka, iliharibu kabisa sevu zilizozidi MB 8, na waliopatwa zaidi ni waliokusanya na kuunda vitu vingi, yaani waliokuwa wakiipenda. Kiraka 1.06 kiliondoa kikomo hicho lakini hakikufufua sevu zilizokwisha kufa.

Tumia nafasi tatu kwa zamu, usikanyage moja hiyohiyo, wala usitegemee sevu ya kujiendesha. Kila baada ya kipindi kirefu nakili folda nzima ya sevu mahali pengine. Kwa Windows huwa ndani ya Documents, Saved Games, au folda iliyofichwa ya AppData. Tovuti ya PCGamingWiki huorodhesha mahali hasa kwa gemu nyingi. Wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, lisikupumbaze: likiona faili jipya zaidi, hulipakia, hata kama ndilo lililoharibika, na lile zima linafutika. Kwenye PS5, sevu za gemu za PS5 haziwezi kunakiliwa kwenye USB, hivyo nakala ya nje ni wingu la PlayStation Plus peke yake. Hapo zamu ya nafasi tatu si hiari.

Kabla ya kila kiraka kikubwa, nakili. Kwenye Steam unaweza pia kuagiza gemu isasishwe pale tu unapoianzisha, na kwenye "Properties" sehemu ya "Betas" baadhi ya watengenezaji huacha matoleo ya nyuma unayoweza kuyarudia kiraka kikizua balaa.

Ripoti inayosomwa

Mara nyingi wajaribu wa kampuni waliiona kasoro yako miezi mitatu kabla. Iliwekwa kwenye orodha ya yale yatakayosubiri kwa kuwa tarehe ilishatangazwa. Kuwatukana ni kuwatukana watu ambao pengine walipiga kelele wakanyamazishwa. Kinachoisogeza kasoro juu ya orodha ni ripoti ambayo mtu anaweza kuirudia mezani kwake.

"Gemu yenu mbovu inaganda mjini" haina kazi. Linganisha na hii: "Toleo 1.03, Steam. Nikifungua ramani ndani ya duka la mhunzi huku nikiwa na kazi ya 'Daraja' wazi, gemu inaganda, sauti inaendelea. Mara 4 kati ya 5. Kazi hiyo ikiwa imefungwa haitokei. Sevu na video ya sekunde 15 vimeambatishwa." Hiyo inaweza kurekebishwa ndani ya siku moja.

Ambatisha ripoti ya dxdiag, zana ya Windows inayoeleza kompyuta yako, na faili la kumbukumbu (log). Gemu za Unreal huliweka AppData\Local, folda ya gemu, Saved\Logs. Za Unity, programu nyingine ya kujengea gemu, huliweka AppData\LocalLow kwa jina Player.log. Usizibandike hadharani bila kuzipitia, kwa sababu njia za mafaili huwa na jina lako la mtumiaji na dxdiag ina jina la kompyuta.

Kudai pesa

Maduka ya Steam na Epic yana kanuni ileile ya siku 14 na saa mbili. Duka la GOG linatoa siku 30 hata kama umeicheza, nayo ni sababu tosha ya kununua huko gemu unayoitilia shaka. Xbox hupokea maombi ndani ya siku 14 mradi hujacheza muda mrefu. Kwenye duka la Nintendo mauzo ya kidijitali kwa kawaida ni ya mwisho, kwa hiyo huko ukaguzi wote ufanyike kabla. Msimbo ulionunuliwa kwa muuzaji wa nje hauingii kwenye kanuni za Steam hata kidogo, unamdai aliyekuuzia.

Andika ombi kwa ufupi na kwa fomu ya duka, si kwa barua kwa mtengenezaji. Taja kasoro, mara ngapi, na ulichojaribu. Ukiwa umepita saa mbili, tuma hata hivyo: Steam husema huyaangalia maombi yaliyovuka mipaka, na ombi linalotaja kiraka kilichovunja gemu iliyokuwa ikifanya kazi lina uzito kuliko linalosema umechoshwa. Likikataliwa mara ya kwanza, tuma tena na ushahidi. Pesa hurudi ndani ya wiki moja baada ya kukubaliwa, na ukichagua irudi kwenye pochi ya Steam, itaishia kununulia gemu nyingine hapohapo.

Usinunue pasi za msimu za maudhui ya ziada kwa gemu ambayo yenyewe bado haijasimama. Batman: Arkham Knight ya kompyuta ilisimamishwa kuuzwa siku chache baada ya kutoka Juni 2015, ikarudi Oktoba. Aliyekuwa amelipia maudhui ya ziada alikuwa amelipia jengo la ghorofa ambalo msingi wake unafukuliwa.

Ukirudi miezi kadhaa baadaye

Cyberpunk ya toleo 2.0 la Septemba 2023 si ile ya 2020, na No Man's Sky ya leo haifanani na ya Agosti 2016. Kusubiri hulipa, na bei huwa imeshuka. Lakini usiichukulie ahadi ya viraka kama sehemu ya bidhaa: Redfall ilitoka Mei 2023 ikiwa na hali mbaya, na mwaka mmoja baadaye studio iliyoitengeneza ikafungwa.

Unaporejea, soma maelezo ya viraka ukitafuta kasoro ileile iliyokufukuza, kwa jina lake. "Maboresho ya uthabiti" bila maelezo yasikuridhishe. Kisha kabla ya kupakia sevu ya zamani, ondoa modi zote (nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji), futa faili la setingi na akiba ya sheda, acha gemu ijijenge upya. Anza mchezo mpya kwa dakika kumi kwanza. Ukienda vizuri na sevu ya zamani ikaendelea kujifunga, kasoro imehifadhiwa ndani ya sevu yenyewe, na huenda kiraka kisiitoe.